Mabati Juu ya Majani Makavu

Sogeeni karibu, na anayetafuna mahindi atafune polepole, maana nina kesi mkononi na hakimu wake nimemkosa. Nawaletea ninyi.

Huko nyanda za juu, upande unaotazama Ziwa Nyasa, waliishi watu watatu wenye vipaji vitatu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na ng'ombe.

Wa kwanza ni Zakeo. Huyu alijua hewa. Asubuhi alitoka na kikombe chake cha chai ya rangi, akautazama ukungu ulivyolala bondeni, akanusa upepo, halafu akakwambia kama leo uanike mahindi au uyaache ndani.

Wa pili ni Lutengano, baba wa watoto wawili. Huyu alijua fyekeo. Eka nzima ya majani aliimaliza kabla jua halijatua, na bado alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Wa tatu ni Enesia, mjane asiyependa maneno mengi. Huyu aliyajua majani kwa mkono. Aliokota shina moja, akalisokota, akasikiliza linavyokatika, akasema, "Bado siku moja." Majani yakifungwa mabichi huchemka ndani kwa ndani, huota kuvu, na ng'ombe huyageuzia mgongo. Yaliyopita mikononi mwa Enesia hayakuwahi kuchemka.

Jirani yao, Bi Anzelina, alikuwa na ng'ombe mmoja mweupe aitwaye Sabuni. Mwaka huo bibi huyo aliteleza kisimani akaumia nyonga. Akawaita wote watatu.

"Sabuni ana mimba," akawaambia. "Mimi hata kuchuchumaa siwezi. Kateni majani ya shamba langu, myakaushe, mumvushe kiangazi. Akizaa jike, ndama ni wa yule aliyemwokoa mama yake."

"Na tukimwokoa wote, bibi?" Enesia aliuliza.

"Mmoja atakuwa amezidi. Siku zote kuna anayezidi."

Bi Anzelina alikuwa na uhakika wa mambo mengi.

Sasa, lazima niwaambie kitu kuhusu Zakeo. Mwaka uliotangulia yeye ndiye aliyemwambia bibi huyo, "Kateni sasa." Majani yakakatwa, mvua ikanyesha siku nne mfululizo, yote yakawa meusi. Sabuni alikonda mpaka mbavu zikahesabika, na mimba ikatoka. Tangu hapo, kila Zakeo akipita dukani, watu walimwita Redio Mbovu. "Redio Mbovu, leo unasemaje?" Walicheka, naye alicheka nao, halafu akifika nyumbani alikaa nyuma ya jiko mpaka uso umpoe. Binti yake Sifa alikuwa na miaka mitano, na uji wake haukuwahi kutiwa maziwa. Zakeo alimtaka ndama huyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Mwezi wa tano ulipofika ukingoni, majani yakatoa maua. Majirani walisema wasubiri mvua zikatike kabisa. Zakeo aliuangalia ukungu asubuhi tatu, akamwendea Lutengano, akasema kwa sauti ndogo, "Kesho."

Lutengano hakubishana. Siku mbili alifyeka shamba lote chini kabisa, mikono ikamtoka malengelenge. Enesia akafuata nyuma na reki, anageuza, anasokota, anasikiliza. Jua likawaka kama Zakeo alivyosema.

Siku ya nne, saa sita mchana, upepo uligeuka. Ulitoka upande wa ziwa, nao ulikuwa na ubaridi wa maji. Zakeo aliusikia shingoni, akajua. Mvua ilikuwa njiani, na kulikuwa na muda wa kutosha kukusanya kila kitu.

Wakati huohuo Lutengano akapita. "Kaka Zakeo, nataka kwenda kuazima kisanduku cha kushindilia na kufungia marobota ya majani. Hewa vipi?"

Zakeo alifungua mdomo. Akawaza: nikisema mvua, na isinyeshe? Akakisikia kile kicheko cha dukani.

"Sijui, ndugu yangu," akajibu. "Siku hizi mimi siangalii juu."

Lutengano akaenda zake kijiji cha pili. Enesia, aliyemtegemea Zakeo kwa habari za juu, akayatandaza majani yote wazi ili yamalizike kukauka. Zakeo akarudi nyumbani, akamwambia mkewe Oresta kwamba tumbo linamuuma, akakaa kwenye kigoda na kuutazama mlango.

Saa tisa tone la kwanza likagonga bati. Alikuwa amelisubiri, lakini lilimchoma. Akaruka, akapanda juu ya paa la jiko, akaanza kung'oa mabati.

"Baba Sifa, umerukwa na akili?" Oresta alipiga kelele. "Nimeinjika ugali humu!"

Zakeo akateremka na mabati manne, akakimbia nayo kichwani, upepo ukimyumbisha. Shambani akamkuta Enesia peke yake, analia huku anavuta majani kwa reki. Lutengano naye akatokea mbio. Wakayalundika pamoja, wakayafunika. Sehemu ndogo ikaharibika, kubwa ikapona. Jikoni kwa Oresta ugali uligeuka uji.

Majani yaliyofunikwa yakiwa na unyevu yana hatari yake. Kwa siku nane Enesia alitumbukiza mkono ndani ya lundo mpaka begani, akitafuta joto. Palipoanza kuchemka alipafukua, akapaanika, akapanyunyizia chumvi ya kuzuia kuvu. Lutengano akafunga marobota mia na kumi. Siku ya kumi baada ya mvua ile, sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ikaanguka, ikayaunguza majani ya majirani wote waliosubiri. Kumbe ile "Kesho" ya Zakeo ilikuwa sahihi.

Sabuni alikula mpaka mvua ziliporudi, akazaa jike jeupe lenye sikio moja jeusi.

Watu wakakusanyika uani kwa Bi Anzelina, naye akaishika kamba ya ndama.

"Bila fyekeo langu," Lutengano alisema, "sakitu ingeyakuta yamesimama."

"Bila mkono wangu yangeoza humo ndani ya lundo," alisema Enesia.

Zakeo alisemewa na watu. "Zakeo! Aliyevua paa la jiko lake kwa ajili ya ng'ombe wa mwenzie! Amezidi huyo!" Wale wale wa dukani. Wakampigia makofi. Hata Oresta akatabasamu, akamsamehe ule ugali. Kila kofi lilimwangukia Zakeo usoni. Alitamani ardhi ipasuke. Pembeni Sifa alisimama na kikombe chake, kwa maana hakujua kwamba ndama hakamuliwi.

Bi Anzelina akamnyooshea kamba. Zakeo hakuipokea.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Mvua. Upepo ulipogeuka, nilijua. Lutengano aliniuliza, nikamdanganya. Niliogopa kuchekwa. Mabati niliyaleta kwa sababu ya aibu, bibi, si kwa sababu ya wema."

Makofi yakakatika. Tabasamu la Oresta likatoweka, na hilo ndilo Zakeo aliloliona kwanza.

"Ulijua saa ngapi?" Enesia aliuliza.

"Saa sita."

"Saa sita ndiyo nilikuwa naanza kuyatandaza."

"Nilikuuliza, kaka," Lutengano akasema, bila hasira, na hilo likamuumiza zaidi.

Bi Anzelina alimtazama Zakeo. "Ungenyamaza na leo, ndama angekuwa wako."

"Najua, bibi."

"Nilisema siku zote kuna anayezidi." Bibi akaitazama kamba mkononi mwake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na uhakika.

Nami naishia hapo, maana kamba haijatoka mkononi mwake. Wapo wanaosema apewe Lutengano, aliyeamini neno la mtu aliyechekwa na wote. Wapo wanaosema Enesia, aliyelilinda lundo siku nane. Na wapo, wachache, wanaosema Zakeo: aliijua siku, alileta mabati, akasema kweli ilipokuwa inamgharimu. Wengine huwajibu kwamba mabati hayo yasingehitajika kama angefungua mdomo saa sita.

Nimewaeleza yote, sikuficha kitu. Je, wewe ungeamua vipi? Kamba hiyo ungempa nani? Na Sifa, aliyesimama pale na kikombe kitupu, ungemwambia nini?