Aliyeelekezwa Lango la Chini

Haya nimesimuliwa na mwanakwaya mmoja, nami nawafikishia.

Kwaya ya parokia moja ya Bukoba ilialikwa kuimba Italia, katika kijiji cha kale kilichozungushiwa ukuta wa mawe, juu ya mlima unaotazama ziwa. Kiongozi wa nyimbo alikuwa Leokadia, kwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Nyuma yake alisimama Adventina, mdogo kwake kwa umri. Naye alikuwa na sauti nzuri, lakini kila Leokadia alipofungua kinywa, moyo wake uliungua.

Walipewa saa moja ya kutembea. Wenzake walistaajabia mnara na vichochoro visivyopitisha watu wawili sambamba. Adventina hakuona hayo. Aliona tu jinsi akina bibi wa kijiji walivyomshika Leokadia mikono na kuomba kupiga naye picha.

Leokadia hakuwa amesikia kwaya ingekutana wapi kabla ya kuimba kanisani, akamuuliza Adventina. Adventina alijua ni kanisani humo humo, hatua chache tu kutoka pale. Akamwambia ni lango la chini, kwenye njia ya kwenda ziwani. Leokadia akamshukuru, akashuka ngazi ndefu za mawe.

Muda ukafika. Adventina akajisogeza mbele, tayari kujitolea kuongoza badala ya Leokadia. Kabla hajasema neno, Mwalimu Rwechungura, aliyeifundisha kwaya, akamwita.

"Adventina, leo unaongoza wewe."

Akajibu kwa unyenyekevu kwamba angeshika tu nafasi ya dada yake.

"Hushiki nafasi ya mtu," Mwalimu akasema. "Leokadia mwenyewe aliniomba tangu jana. Alisema sauti yako ndiyo inayolifaa kanisa hili. Alitaka tukushtukize."

Adventina akaimba. Watu wakasimama kumpigia makofi, lakini macho yake yalikuwa mlangoni.

Makofi yalipokwisha, Leokadia akaingia akihema, viatu mkononi, jasho likimtiririka kwa kupanda ngazi zile zote. Hakuuliza kwa nini alielekezwa vibaya.

"Umeshaimba, mdogo wangu?"

"Nimeshaimba, dada."

Leokadia akaketi kwenye benchi la nyuma. "Basi nimekukosa," akasema. "Na ndicho nilichokuwa nakingoja safari nzima."

Adventina akapiga magoti mbele yake, mbele ya watu wote, akamweleza alichofanya.

Funzo: Wivu humfanya mtu aibe alichokuwa tayari ameandaliwa, na humfukuza mlangoni yule yule aliyemwombea akipate.