Kikapu cha Kisogoni

"Kigelegele hakingoji sura ya mtoto." Mmeisikia jana kwa shangazi yenu, mkaangua kicheko, na leo mmekuja kuniuliza ni wahenga gani walioitunga. Nawaambia mapema msije mkavunjika moyo: wahenga hao hawakuwa na mvi wala mkongojo. Walikuwa wasichana, walivaa raba, na asili ya maneno yao ni uwanja wa mpira wa kikapu wenye saruji iliyopasuka. Kaeni vizuri niwasimulie.

Palikuwa na chuo cha uuguzi na ukunga mahali panapoitwa Kwembago, huko milimani kwenye ukungu na migomba. Wanafunzi wake wengi walikuwa wasichana, na wasichana hao walikuwa na timu. Timu yenyewe, kusema kweli, ilikuwa ya kufungwa. Ilifungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, ikafungwa hata siku ambayo gari la wapinzani liliharibika njiani wakafika hoi. Sababu haikuwa uvivu. Msichana aliyeshinda wodini tangu alfajiri, amesimama mpaka miguu imevimba, ukimpa mpira jioni anaupokea kama mzigo wa kuni. Mazoezi yao yalikuwa ya kuibiaibia, leo wanne, kesho wawili, wengine wako zamu.

Lakini kama timu ilikuwa dhaifu, washangiliaji wake walikuwa moto wa kuotea mbali. Walikaa kwenye ngazi za bwalo zinazotazama uwanja, wakabeba sahani na sufuria za kupiga, wakaimba hata wageni wakawa wanakuja kwa ajili ya nyimbo. Aliyewaongoza ni Mwantumu, mwanafunzi wa ukunga wa mwaka wa pili, mtoto wa Pangani, aliyezaliwa katika nyumba ya waimbaji wa harusi. Kigelegele cha msichana yule kilianzia chini, kikapanda, kikakaa huko juu kikitetemeka mpaka mwenye shida zake akazisahau. Na kwa kuwa aliijua thamani yake, alikuwa bahili nacho. Aliwawekea wenzake sheria: kigelegele ni cha kikapu kilichokwenda shule. Mpira uingie kwa ufundi, usiguse hata chuma, ndipo yeye aanze na wengine wapokee.

"Kigelegele si maji ya bomba," alikuwa akisema, "kwamba kila apitaye anafungulia."

Wenzake walimtii, na wala si kwa kumwogopa. Mtu mwingine akianzisha yeye, kilisikika kama kikohozi.

Sasa huyo Mwantumu alilala chumba kimoja na Nakiete, binti wa Kipare, nahodha wa timu. Nakiete ndiye aliyekuwa timu yenyewe. Ndiye aliyegonga milango ya bweni kuwaita watu mazoezini, ndiye aliyeshona jezi zilizochanika, ndiye aliyekwenda kwa mkuu wa wodi kubembeleza zamu zibadilishwe. Tangu aingie chuoni hakuwahi kuonja ushindi hata mmoja. Siku ya mchezo wa mwisho wa muhula, dhidi ya Chuo cha Ualimu cha Mashindei, alikaa kitandani asubuhi akifunga bandeji kidole chake kilichoteguka.

"Shoga," alisema bila kuinua uso, "mimi leo ndiyo mwisho. Nimechoka kuwa kichekesho. Nikitoka uwanjani na fedheha leo, navua jezi, na sitaivaa tena."

Mwantumu alitaka kumtania kama kawaida yao, akayaona macho ya mwenzake, akaushika mwisho wa bandeji akamsaidia kufunga. Alijua kwamba Nakiete akivua jezi hakuna mwingine atakayegonga milango. Timu itakuwa imekufa, na haitapata hata wa kuizika.

Alasiri Mashindei wakaja na basi lao. Warefu wasichana wale, na jezi zao mpya zilipigwa pasi. Washangiliaji wao walikaa upande wa pili wa uwanja, na kati yao alikuwamo kijana mmoja mwenye mdomo mkali, aliyevaa kofia nyekundu. Mvua ya mchana ilikuwa imekatika, lakini kona moja ya uwanja bado iliteleza.

Mchezo ulikuwa mbaya. Sitaupamba. Pasi zilikwenda kwa mwamuzi. Mitupo huru iligonga chuma mpaka mtu akaionea huruma ringi. Mchezaji mmoja wa Kwembago alidunda mpira ukagonga mguu wake mwenyewe, akaukimbiza mpaka mlangoni pa jiko. Lakini hebu shikeni jambo hili, maana watu siku ile hawakulishika: kila mpira uliopotea, wasichana wale waliufuata. Waliteleza kwenye ile kona, wakainuka magoti yanavuja damu, wakarudi kukaba. Mashindei walizoea kucheza kama wanaojitazama kwenye kioo, na siku ile kila walipogeuka waliukuta mkono wa Nakiete, na bandeji yake, uko usoni mwao. Nao wakaanza kukosa. Hivyo ndivyo mchezo ulivyobaki karibukaribu mpaka mwisho. Hapakuwa na mzuri hata mmoja pale. Walikuwapo watoto waliokataa katakata kufungwa, na mimi nawavulia kofia mpaka leo.

Kule kwenye ngazi nyimbo zilikufa mojamoja. Sahani zikawekwa chini, sufuria zikakaliwa. Mwantumu alikaa amekunja mikono, kigelegele chake kimefungiwa kifuani, akingoja kikapu kilichokwenda shule, nacho hakikuja.

"Wauguzi!" kijana wa kofia nyekundu alipaza sauti. "Mgonjwa wenu yuko mahututi, mbona mmekaa?"

Wenzake wakacheka. Mwantumu akaangalia pembeni.

Mashindei waliongoza kwa pointi moja, na muda ulikuwa unakwisha, pale Nakiete alipoupokonya mpira katikati ya uwanja. Akainua macho. Chini ya ringi alimwona Tunu, mdogo kuliko wote, yuko peke yake kabisa, hakuna anayemkaba. Nafasi ya dhahabu. Nakiete akamrushia kwa nguvu zake zote. Kumbe Tunu wakati huohuo alikuwa amewageukia watu wa benchi, anauliza muda umebaki kiasi gani.

Mpira ukampiga kisogoni. Ukaruka juu, ukagonga ubao, ukaanguka kwenye ringi, ukazunguka, ukazunguka tena kama unaotafuta mahali pa kukaa, halafu ukadondoka ndani. Filimbi ya mwisho ikalia. Tunu akajishika kichwa, akageuka kwa hasira.

"Nani kanipiga?"

Mwamuzi alisitasita, akatazama meza ya waandishi, kisha akainua vidole viwili. Kikapu ni halali. Kwembago wameshinda.

Kwanza watu waliitazama ringi. Kisha upande wa Mashindei kikalipuka kicheko ambacho sijui nikielezeje. Watu walishikana mabega, wakafuta machozi, wachezaji wao waliofungwa wakacheka pia, kana kwamba waliofungwa ni wengine.

"Haya, chukueni!" yule wa kofia alisema. "Ushindi wenyewe hauna hata sura!"

Na washangiliaji wa Kwembago? Waliona haya. Waliinamia vidole vya miguu yao, wakaanza kukusanya sahani taratibu kama watu wanaoondoka kwenye karamu iliyoharibika. Mmoja alinong'ona kwamba afadhali wangefungwa kwa heshima. Mwantumu naye alihisi uso unamwaka. Sheria ni sheria, alijiambia, na kile hakikuwa kikapu, ilikuwa ajali.

Uwanjani wasichana walikuwa wamekumbatiana, wameanza kurukaruka. Wakausikia ukimya wa ngazini, na kuruka kukapungua nguvu, kukaisha. Wakasimama wanatazamana, hawajui wameshinda au wamefanya kosa. Nakiete akainua uso kwenye ngazi, akatafuta, akamwona Mwantumu. Akamtazama kitambo. Kisha akainamisha kichwa, akashika pindo la jezi yake, aliyoivaa juu ya fulana, akaanza kuichomoa polepole kutoka kwenye kaptula.

Mwantumu akainuka nusu, akakaa tena. Aliyekaa ubavuni pake, Siwema, waliyesoma naye darasa moja, alikuwa ameona pia.

"Mwantumu, anza."

"Nianze nini? Kwa kikapu cha kisogoni? Watatucheka mpaka Tanga mjini."

"Jana wodini," Siwema alisema, "yule mama wa Magoma, mtoto wake alitokaje?"

"Siwema, huu ndio wakati wa mambo ya wodi?"

"Nijibu. Alitokaje?"

"Kichwa kirefu kama papai. Jicho limevimba. Mama wa watu alihangaika sana."

"Nawe uliyempokea, ulikaa ukamkagua sura kwanza?"

Hapo Mwantumu akaelewa swali linaelekea wapi. Maana katika hospitali ile waliyojifunzia palikuwa na desturi. Mwanafunzi aliyempokea mtoto, akishamsikia analia na mama yake yu salama, alifungua mlango akapiga kigelegele, na mabibi na mashangazi waliokaa kwenye benchi la nje wakakipokea. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemwona mtoto. Hakuna aliyeuliza pua imekaaje. Walikuwa wamekaa pale saa zote zile, wanangoja sauti moja tu.

"Alilia," Mwantumu alijibu taratibu, "nikafungua mlango."

"Basi filimbi imeshalia," Siwema alisema. "Na sisi tumekaa hapa tunakagua pua."

Mwantumu akasimama. Jezi ya Nakiete ilikuwa imeshafika kifuani. Akavuta pumzi, akafungua kinywa, na masikini, koo lilikuwa limekauka kwa kukaa kimya alasiri nzima. Kigelegele cha kwanza kikatoka kinakwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta, kikakatika njiani. Mashindei wakacheka upya. Ungekuwa wewe ungekaa chini. Yeye alilamba midomo, akaanza tena, na mara hii kikapanda. Kikapanda, kikakaa juu, kikatetemeka. Siwema akakipokea, ngazi ya chini ikapokea, ngazi ya juu ikapokea. Sahani zilizokusanywa zikagongwa, sufuria zikarudi kuwa ngoma. Wapishi walitoka jikoni na miiko mikononi, wakidhani pana harusi. Hata kijana wa kofia nyekundu alijikuta amenyamaza, na wachezaji wa Mashindei wakaanza kupiga makofi mmojammoja, maana wao ndio waliojua jinsi walivyokabwa.

Nakiete alisimama na jezi yake imemfika kidevuni. Akabaki hivyo, hapandishi wala hashushi.

Mwantumu akashuka ngazi mbio, akavuka uwanja, akateleza kwenye ile kona nusura aanguke, akamfikia. Alimkuta amekunja uso.

"Sheria yako umeiweka wapi?" Nakiete alimwuliza. "Si umeona tulivyocheza? Msinishangilie kwa huruma, Mwantumu. Bora mnicheke."

"Huruma naiweka kwa wagonjwa," Mwantumu alisema, akihema. "Wewe sikuhurumii hata chembe. Nimekuona unakaba na kidole hicho, unaanguka, unaamka, nami nimekaa pale juu kama bi harusi, eti nangoja uzuri! Wa kuona haya ni mimi, si wewe." Akaishika ile jezi, akaivuta chini mpaka ikamkaa mwenzake sawasawa. "Kigelegele hakingoji sura ya mtoto."

Nakiete alikuwa akisomea ukunga kama yeye. Maneno yale hayakuhitaji kufafanuliwa. Alimtazama rafiki yake, kisha akazitazama ngazi zilizokuwa zinatikisika kwa watu, kisha akawatazama wenzake wenye magoti ya damu, na midomo yake ikawa haijui icheke au ilie.

"Kwani mtoto amelia?" aliuliza.

"Amelia, shoga yangu. Mpaka Mashindei wamemsikia."

Basi Nakiete akalia yeye, kwa sauti, bila kujificha, huku anacheka na anaichomeka jezi yake kwenye kaptula. Muhula uliofuata aligonga milango kama kawaida yake, na safari hii waliofungua walikuwa wengi.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkimwona mtu amepata alichokihangaikia, amekipata kwa kuanguka na kuinuka, nacho kimetoka kimepinda na jicho limevimba, msikae pembeni mkikagua pua. Fungueni mlango, maana kigelegele hakingoji sura ya mtoto.