Kufuli la Sanduku la Mzee Ambakisye

"Kufuli la sanduku halifungi mdomo." Mmeusikia msemo huo leo, wanangu, mkaniuliza umetoka wapi. Ulizaliwa hapa hapa Tukuyu, Jumatano ya tarehe kumi na mbili Juni, asubuhi ya ukungu na manyunyu.

Mzee Ambakisye alikuwa ameuza ng'ombe wake, na kwa ushauri wa mwanawe Lusajo akazigeuza fedha kuwa sarafu za mtandaoni. Zilikuwa za kumlipia mkewe upasuaji wa jicho. Siri ya kuzifungua ilikaa katika kidude mfano wa flashi, nacho kikakaa katika sanduku la chuma lenye makufuli mawili. Lusajo alimwachia pia karatasi ya maneno ishirini na manne ya Kiingereza, ya kuzirudisha fedha endapo kidude kitapotea.

"Ila baba, mwenye maneno haya ndiye mwenye fedha. Usimwonyeshe mtu."

Mzee hakumwonyesha mtu. Aliyasoma tu. Alikuwa akihudhuria masomo ya jioni ya watu wazima, na hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Kiingereza aliyoyasoma bila kusaidiwa. Asubuhi ile, katika kikundi cha maombi ambako kila haja hutamkwa kwa sauti, alisimama akamwomba Mungu ayalinde. Akayataja moja moja, wenzake wakiitikia "Amina" mara ishirini na nne.

"Baba Lusajo, Kiingereza kimekukubali," katibu, Mama Subilaga, alimtania. "Jumapili utatuhubiria kizungu."

Mzee akacheka, moyo umemjaa fahari.

Kwa desturi, katibu alirekodi maombi kwa simu na kuwatumia wagonjwa majumbani. Nao, kwa nia njema, wakawatumia ndugu zao.

Ijumaa Lusajo alipiga simu: fedha zote zimehamishwa, na aliyezihamisha hajulikani. Mzee alifungua makufuli yote mawili. Kidude kilikuwamo, kimeviringishwa katika leso vilevile alivyokiacha.

"Ulimwambia nani?" mkewe aliuliza, akimtazama kwa jicho lililo zima.

"Nilimwambia Mungu."

"Mungu husikia hata ukinong'ona, Baba Lusajo."

Jumatano iliyofuata Mzee alisimama tena mbele ya kikundi, safari hii bila karatasi.

"Mama Lusajo, mbele ya ndugu hawa naahidi: nitauza shamba la chai, jicho lako litatibiwa. Na ya siri nitamnong'oneza Mungu peke yake, maana kufuli la sanduku halifungi mdomo."