Elimu ya Mjomba Juu ya Mizani

Hapo zamani, wakati kila ushuru wa mji wa Kiwambani ulipokuwa ukitozwa kwa mizani, alikuwako mwanamke mmoja muuza uji, jina lake Bi Mafunda, fukara wa kutupwa. Mali yake ilikuwa jungu moja la shaba, na jamaa yake mjomba mmoja, Mzee Kombo. Huyo mjomba, mvi zimemjaa kichwani na umri wa kuitwa babu, akashikwa na hamu ya kwenda chuoni kusoma elimu ya nyota. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bi Mafunda akasema, "Wajomba wenu uzeeni hutaka visichana. Wangu ametaka nyota. Mwacheni."

Basi chuo kile kilikuwa na desturi yake: mwanafunzi akiingia hupimwa uzito, na ada yake huwa ni tende za uzito ule ule. Mzee Kombo, kwa wembamba wake, alifika frasila tatu tu, na mwalimu mkuu akaandika daftarini. Bi Mafunda akauza uji, akanunua tende, akalipa zote, asibakiwe na kitu. Wala hakuogopa, kwani Sultani alikuwa amepiga mbiu kwamba kila amlipiaye jamaa yake ada ya chuo, husamehewa ushuru wa mwaka ule.

Lakini kupiga mbiu ni kwa Sultani, na kukusanya ni kwa Waziri. Waziri Shaali akaja, akapekua nyumba hata uvunguni mwa kitanda, asione ila lile jungu.

"Nalichukua hili."

"Bwana wangu, mimi nimesamehewa. Nimemlipia mjomba ada."

"Lile zee? Hilo nalo ni jamaa wa kulipiwa ada?"

"Ni ndugu wa mama yangu, bwana, tumbo moja. Au mbiu ilisema jamaa awe na meno yote?"

Wakaenda barazani kwa Sultani. Waziri akaapa kwamba nyumbani mle hamna hata punje ya mtama, kilichobaki cha kutozwa ni jungu. Sultani, naye siku hiyo alikuwa amechoka na mashauri akataka kuchezea watu, akasema, "Ewe Bi Mafunda, anunuaye nguo huonyesha nguo, na anunuaye mbuzi huonyesha mbuzi. Wewe wasema umenunua elimu. Niletee hiyo elimu juu ya mizani ya forodhani, nami niuone uzito wake. Siku saba zikipita hujaileta, jungu si lako tena."

Bi Mafunda akarudi nyumbani. Bila jungu hakuna uji, na bila uji hakuna ada ya mwaka wa pili, mjomba atatolewa chuoni.

Sasa hapa ngojeni niwaambie jambo, nanyi msinitaje. Tangu aingie chuoni, Mzee Kombo alikuwa amenenepa. Chuo hakilishi mtu, na kwa mpwa wake walikuwa wakila ukoko wa jungu. Aliyemnenepesha ni mjane mmoja tajiri, Bi Tausi, dirisha lake laelekea chuoni, ambaye kila adhuhuri alimwita ndani, akamwekea sinia la pilau, apate kuelezwa habari za nyota. Nyota gani za adhuhuri, mimi sijui. Na huyo Bi Tausi ndiye mama mkwe wa Waziri, na Waziri habari anazo! Na katika nchi ile mwanamume hathubutu kutaja mambo ya mkwe wake mbele za watu. Hata ukimtajia mkwe wake kapika nini, huinamisha macho. Hayo yote Bi Mafunda aliyajua, maana muuza uji huingia kwa milango ya uani.

Ikawa siku ya saba mji mzima uko forodhani. Bi Mafunda akaja amemshika mjomba mkono, na mwalimu mkuu nyuma na daftari lake. Akampandisha mjomba kwenye kitanga cha mizani ya kupimia mbata, mawe yakawekwa upande wa pili. Frasila nne!

Mwalimu akasoma, "Siku ya kuingia, frasila tatu."

"Mola wangu," akasema Bi Mafunda, "frasila iliyozidi ndiyo elimu yenyewe. Itazame."

Waziri akaruka. "Huo ni utapeli! Hicho ni chakula!"

"Chakula cha nani, bwana wangu? Kwangu umepekua mwenyewe, ukaapa hamna hata punje. Chuoni hawalishi, mwalimu huyu hapa muulize. Basi kama ni chakula, liko jiko lililokipika. Litaje, Mola wetu asikie."

Nyuma kule mwanamke mmoja akakohoa, akakohoa na wa pili. Mzee Kombo, huku akining'inia, akatazama dari. Jasho likamtoka Waziri.

"Waziri, twakungoja," akasema Sultani. "Ni chakula au ni elimu?"

"Ni... ni elimu, Mola wangu."

"Hatukusikia."

"Elimu! Elimu tupu, frasila nzima!"

Sultani akacheka hata akaomba maji. Alipotulia akahukumu: jungu libaki kwa mwenyewe, ushuru wake usamehewe, na ada ya mwaka wa pili ailipe Waziri, kwa uzito wa leo.

Bi Mafunda akapiga magoti. "Mola wangu, kwa kuwa analipa ada, basi naye Waziri asamehewe ushuru wake."

"Vipi? Mbiu yangu ni kwa amlipiaye jamaa. Mzee huyu ni jamaa yake?"

Bi Mafunda akamtazama mjomba, mjomba akatazama miguu yake.

"Bado, Mola wangu," akasema Bi Mafunda. "Tunamngojea Bi Tausi amalize eda."

Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa. Aliyekula pilau ya arusi ile na aje anisahihishe.