Kisima cha El-Roi

Ndugu zangu, leo sitanii. Mnaonijua mnajua hiyo ni kazi ngumu kwangu; hata misibani huwa mnanikalisha nyuma nisije nikachekesha wafiwa. Kitambi hiki kimesafiri sana. Kimelala kwenye gesti iitwayo Yehova Shalom huku wenye nyumba wakirushiana sufuria ukuta wa pili. Nilicheka. Lakini hili la leo silicheki.

Alikuwepo bwana mmoja, mzee wa kanisa, katika nchi kavu. Alichimba kisima uani kwake, akazungusha ukuta, na getini akaandikisha kwa rangi ya dhahabu: EL-ROI, MUNGU ANIONAYE. Jina zuri, sivyo? Kila Jumamosi alikusanya watu uani, akashika kipaza sauti, akawafundisha Kiebrania: El-Shadai ni Mwenyezi, Yehova-Yire ni Bwana atatupatia, El-Roi ni Mungu anionaye.

Jumamosi moja, jua la saa saba, mwanamke akagonga geti. Mgongoni mtoto anayeharisha, mkononi dumu tupu. Yule mzee wa kanisa akachungulia kwenye tundu la geti, kipaza sauti bado mkononi.

"Shikamoo, baba. Naomba maji. Mtoto amekauka, hata machozi hana."

"Marahaba. Tuko kwenye semina, mama. Rudi tukimaliza."

"Mkimaliza atakuwa hai?"

"Usinijibu hivyo! Kaa hapo umwite Mungu. El-Roi anakuona."

"Najua ananiona, baba. Nakuuliza wewe. Wewe unaniona?"

Tundu likafungwa. Huko ndani watu wakaitikia, "Amina!" Kipaza sauti hakikuzimwa, wakadhani ni sehemu ya somo.

Hebu niambieni, Amina ya nini?

Aliyempa maji ni mama muuza gongo, ile pombe haramu, wa nyumba ya pili. Akatia chumvi na sukari, akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko mpaka akalia machozi ya kweli. Mtoto akapona. Watu walipomuuliza yule mwanamke alikuwa anatoka wapi na dumu tupu, akasema, "Natoka kwa Asiyeona." Basi, jina likaganda. Leo ukifika kule ukiulizia kwa El-Roi, watakushangaa. Ulizia kwa Asiyeona, hata watoto watakupeleka, na rangi ya dhahabu ingali pale pale.

Bwana yule alifundisha maana ya jina, akaruka lilikotoka. Nani alimwita Mungu El-Roi? Ibrahimu mwenye ngamia? Hapana! Ni Hagari, mjakazi mwenye mimba, aliyekimbia mateso katika nyumba ya watu wa Mungu. Kwenye chemchemi ya jangwani Mungu akamkuta, akamwita kwa jina lake, naye akampa Mungu jina: wewe unaniona. Jina lile ni la mwanamke wa nje ya geti. Na sisi tumelichukua, tukalipaka kwenye geti la kumfungia nje!

Ndiyo, nimekasirika, na mimi nimo. Tunabandika majina ya Mungu madukani, kwenye mabasi, kwenye mageti, tukidhani yatakuwa yetu. Mungu mwenyewe alipewa jina na mjakazi kwa jinsi alivyomtendea. Sisi je? Dada anayekufulia nguo ana jina alilokupa, mama. Mlinzi wako analo lako, baba. La kwangu naliogopa. Nasikia linahusu kitambi, na naomba liishie hapo hapo.

Mkitoka hapa, msinifuate mlangoni kuniuliza Mungu anaitwaje kwa Kiebrania. Nendeni getini kwenu mkaulize ninyi mnaitwaje.