Kakakuona Aliyeikumbatia Taa

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa, mbegu mkononi!

Pakawa, macho juu!

Hapo zamani za kale, zamani lakini nguzo za taa zilikuwa zimeshaanza kusimikwa, palikuwa na kijiji cha wanyama kikiitwa Vumbini. Mvua ya Vumbini haikuwa na adabu. Ilikuja siku iliyotaka, ikaondoka bila kuaga. Wanyama walipanda mtama. Ukipanda mapema, mtama unaungua. Ukichelewa, ndege wanaula. Basi alihitajika mmoja wa kuwaambia siku.

Mmoja huyo alikuwa Kakakuona.

Wengi walidhani Kakakuona ana uganga. Hakuwa na uganga. Alikuwa na jiwe.

Jiwe lilikuwa uani kwake, nyuma ya nyumba. Bibi yake alilikalia, na bibi wa bibi yake alilikalia, mpaka likafanya shimo la kukalia. Mbele ya jiwe, upande wa mashariki, kilisimama kichuguu kirefu. Jua likizama, giza likianza kushika, Kakakuona alikaa kwenye jiwe akatazama ncha ya kichuguu. Kila jioni, msimu mzima. Alikuwa akingoja Kilimia, zile nyota ndogo zilizobanana kama vifaranga kwenye baridi. Jioni ambayo Kilimia kimekaa juu ya ncha, Kakakuona anahesabu siku saba. Siku ya saba anasema, "Pandeni." Wanapanda. Mvua inakuja.

Ukihama hatua kumi, kichuguu kinakaa pengine na hesabu inaharibika. Jiwe ni lile lile, mahali ni pale pale. Na akiwa anangoja, Kakakuona aliimba polepole:

Kilimia, Kilimia, kaa kwenye kichuguu,
Mbegu iko mkononi, macho yangu yako juu.

Sasa, mwenyekiti wa Vumbini alikuwa Ngiri. Siku moja Ngiri alitembelea kijiji cha jirani, akakuta taa za karabai zinawaka juu ya nguzo, barabara nzima nyeupe. Aliporudi hakula siku mbili. Siku ya tatu aliita mkutano.

"Ndugu zangu," akasema Ngiri, "wenzetu usiku wanaonana. Sisi tunagongana. Kobe amekanyagwa mara tatu mwezi huu. Mimi mwenyewe juzi nilikisalimia kisiki."

"Kilikuitikia, Mwenyekiti?" akauliza Mama Kanga, jirani wa Kakakuona.

"Hakikuitikia. Ndiyo maana nasema tuna tatizo."

Nguzo sita zikasimikwa barabarani. Karabai sita zikapandishwa. Nguchiro akapewa kazi ya kuzipiga pampu. Fuu, fuu, fuu, kisha shhhhhh. Kijiji kikang'aa. Wanyama wakafurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana Kobe hakukanyagwa tena.

Jioni hiyo Kakakuona akakaa kwenye jiwe. Akatazama. Nyota kubwa zipo. Nyota ndogo hazipo. Mashariki yote yalikuwa meupe, kama maji yaliyooshewa mchele.

Asubuhi akaenda kwa Ngiri.

"Hodi, Mwenyekiti."

"Karibu, bibi. Umeziona taa?"

"Nimeziona, na ndizo zilizonileta. Tangu ziwake, nyota sizioni vizuri."

Ngiri akafikiri. Alifikiri muda mrefu.

"Umesema huoni vizuri."

"Sioni vizuri."

"Huko uani kwako kuna taa?"

"Hakuna. Kulikuwa na giza."

"Pole sana, bibi," akasema Ngiri, na alisema kwa moyo wake wote. "Tulikusahau. Nenda nyumbani. Nitalishughulikia."

Kesho yake Nguchiro akafika uani amebeba nguzo begani. Ilikuwa nguzo ya saba. Akaisimika kando ya kichuguu.

"Shangazi, Mwenyekiti anakusalimu," akasema. "Anasema wewe ndiye mtazama nyota wetu. Haifai utazame gizani."

"Nguchiro, mwanangu, nyota zinatazamwa gizani."

"Mimi napiga pampu tu, shangazi."

Fuu, fuu, fuu. Shhhhhh.

Nanyi mnajua Kakakuona akishtuka hufanya nini. Mwanga ukampiga machoni, krup, akajikunja akawa mpira. Akajikunjua kidogo, mwanga, krup. Akajikunjua tena, mwanga, krup. Na aliyejikunja haoni nyota. Anaona tumbo lake. Jioni ya kwanza tumbo. Jioni ya pili tumbo. Jioni ya nne Kakakuona alikuwa analijua tumbo lake vizuri sana, na Kilimia hajui kiko wapi.

Angeomba taa izimwe. Lakini Ngiri alikuwa ameshatoa amri: taa ya kijiji haizimwi, na atakayeizima atahama Vumbini.

Basi siku moja mawingu yakaja. To, to, to. Manyunyu. Vumbi likanukia. Wanyama wakakusanyika kwa Kakakuona.

"Kilimia kimetoka?" wakauliza.

"Sijakiona."

"Hakijatoka, au hujakiona?"

"Sijakiona."

"Basi kisia," akasema Ngiri.

Kakakuona akawatazama. Mbele alisimama Mama Kanga na kibuyu chake cha mbegu. Kilikuwa kibuyu kimoja tu. Nyuma yake walijipanga watoto kumi na wawili, wote shingo mbele. Kakakuona akikosea, hao watakula vumbi mwaka mzima.

"Sikisii," akasema. "Bibi yangu hakunifundisha kukisia."

Wanyama wakanung'unika. Ngiri akainua mkono.

"Msisumbuke," akasema. "Kilimia ni nyota ngapi? Saba. Taa zetu ni ngapi? Saba. Basi tuna Kilimia chetu, tena hiki hakizami. Pandeni."

Walimpigia makofi. Wakapanda nusu ya mbegu zao, Ngiri wa kwanza. Mama Kanga hakupanda.

"Mama Kanga," akaita Nguchiro, jembe mkononi, "bado unamngoja yule anayetazama tumbo?"

"Namngoja."

"Na tumbo linasemaje?"

"Linasema unyamaze ulime."

Mtama ukaota. Siku tano ulikuwa kijani, na Ngiri alipita kila shamba akisema, "Mnaona?" Siku ya sita jua likarudi. Siku ya kumi ungeweza kukokea moto kwa ule mtama. Nusu ya mbegu ya kijiji ikawa imekwenda.

Kisha mawingu yakarudi, membamba. Ngiri akaita mkutano.

"Kilimia chetu bado kinawaka," akasema, ila safari hii hakutazama mtu usoni. "Kesho asubuhi tunapanda nusu iliyobaki."

Jioni Mama Kanga akaja uani. Alikuwa na kibuyu chake.

"Jirani," akasema, "watoto wananiuliza. Kila mtu atapanda kesho. Na mimi nitapanda. Siwezi kungoja peke yangu."

Kakakuona alikiangalia kile kibuyu. Kesho mbegu zote za Vumbini zitakuwa ardhini, na yeye ndiye aliyepewa jiwe.

"Nipe jioni hii moja," akasema. "Una vyungu vingapi?"

"Sita."

"Na watoto?"

"Kumi na wawili, si unawajua."

"Wawili kwa kila chungu. Wasizime taa hata moja. Wazivike."

Nyumbani kwa Mama Kanga hakukupikwa kitu jioni hiyo. Vyungu vyote vilitoka. Watoto wa Kanga, wawili wawili, wakaruka juu ya nguzo, pu, pu, pu, wakazifunika karabai kwa vyungu, midomo ya vyungu ikitazama chini. Mwanga ukaanguka miguuni pa nguzo ukabaki pale pale. Barabara ilionekana. Mbingu ikapumzika.

Ikabaki taa ya uani, na chungu cha saba hakikuwepo.

Kakakuona akafumba macho. Akapanda nguzo. Kwaru, kwaru, kwaru. Joto likampiga usoni. Akapanda tena. Kwaru, kwaru. Alipofika juu akaikumbatia karabai kwa tumbo. Krup. Akajikunja, taa ikiwa ndani.

Uani kukawa giza. Kukasikika harufu ya kuungua.

Kubu, kubu, kubu. Ngiri akaja mbio.

"Nani amezima taa?"

"Hakuna taa iliyozimwa, Mwenyekiti," sauti ikatoka juu ya nguzo. "Hii nimeikumbatia."

"Na za barabarani?"

"Zimevaa kofia," akasema Mama Kanga.

Ngiri akaipitia amri yake kichwani, mwanzo hadi mwisho. Haikutaja kukumbatia. Haikutaja kofia.

"Mwenyekiti," akasema Kakakuona, "mimi nimejikunja, sioni. Kaa kwenye jiwe unitazamie."

"Mimi?"

"Wewe. Kaa upesi, naungua."

Shingo ya ngiri ni fupi. Ilimbidi akae kitako, mikono ardhini, pua hewani. Tangu azaliwe alikuwa akitazama mizizi. Sasa akatazama juu.

"Unaona nini?"

"Bibi," akasema Ngiri kwa sauti ndogo, "hizi zote zilikuwepo?"

"Zilikuwepo."

"Ni nyingi mno. Nani aliziidhinisha?"

"Mwenyekiti. Kichuguu."

"Nakiona."

"Juu ya ncha yake kuna nini?"

Ngiri akakaza macho. Akatazama sana.

"Hakuna kitu."

"Tazama tena."

"Nimetazama. Ni giza tupu."

"Basi msipande," akasema Kakakuona, akateleza chini ya nguzo, akalala kwenye vumbi la baridi kwa tumbo.

Ngiri akainuka kwenye jiwe. Shamba lake lilikuwa upande wa pili wa ua, na hata gizani alilisikia lilivyokauka. Asubuhi akasimama mbele ya wanyama, wote majembe mikononi, vibuyu wazi.

"Leo hakuna kupanda," akasema. "Nimetazama mwenyewe."

Mngedhani taa ya uani iling'olewa siku hiyo hiyo. Haikung'olewa. Mwenyekiti hatengui amri bila mkutano, na mkutano ulikuwa Ijumaa. Kwa hiyo jioni ya pili Kakakuona akaikumbatia. Hakuna. Jioni ya tatu akaikumbatia. Hakuna. Jioni ya nne Mama Kanga akamletea majani ya kupaka tumboni, akapaka, akapanda, akaikumbatia. Hakuna. Lakini Ngiri alikuwa anakuja mapema, kabla hajaitwa, na jiwe lilikuwa limeanza kumzoea.

Jioni ya tano Ngiri akasema, "Bibi."

"Naam."

"Kuna vitu."

"Vikoje?"

"Vidogo. Vimebanana. Kama watoto wa Mama Kanga wakinyeshewa."

"Vingapi?"

"Sita. Saba. Nikivikazia macho vinajificha. Nikitazama pembeni vinarudi."

"Ndicho," akasema Kakakuona ndani ya mpira wake. Halafu akaimba, taa ikimchoma:

Kilimia, Kilimia, kaa kwenye kichuguu,
Mbegu iko mkononi, macho yangu yako juu.

Macho yake hayakuwa juu. Yalikuwa tumboni. Mwaka huo Kakakuona hakukiona Kilimia. Alisimuliwa.

Wakahesabu siku saba. Siku ya saba akasema, "Pandeni." Wakapanda walichobaki nacho. Mama Kanga akapanda kibuyu kizima. Usiku wake mvua ikaja, pwaa, ikakaa mpaka mtama ukazidi kimo cha Ngiri.

Ijumaa ile mkutano ulikuwa umeshafanyika. Ngiri alisema amelifikiria sana suala la taa. Kila karabai itavaa chungu, imulike chini wanakokanyaga watu. Ya saba itahamishiwa njia ya kisimani. Wanyama wakampigia makofi. Kakakuona naye alipiga, kidogo, kwa sababu ya tumbo.

"Wazo zuri, Mwenyekiti," akasema Mama Kanga. "Na vyungu vyangu?"

"Utafinyangiwa vingine."

"Vingapi?"

"Sita."

"Basi wazo ni zuri."

Magamba ya tumbo la Kakakuona yaliungua yote, na hayakuota tena. Mtazameni hata leo: mgongoni magamba, mkiani magamba, tumboni hakuna. Hapo kwanza alijikunja kwa kushtuka tu; sasa akishtuka huficha tumbo. Analinda pale palipokumbatia taa.

Funzo lake ni hili. Taa ni njema, lakini immulike anayetembea, isimulike mbingu. Usipokiona kitu, sema hujakiona, hata wakikucheka. Na kabla hujamwashia mwenzako taa ili umsaidie, muulize kwanza anatazama nini.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye jiwe la uani. Jiwe lipo. Anayetaka akae, atazame juu.