Kiwiko cha Mfereji wa Mlembea

Zamani, kabla bibi yangu hajazaliwa, mfereji wa Mlembea haukuwa na kiwiko. Maji yalitoka bwawani juu mlimani yakashuka moja kwa moja hadi mashamba ya Chini, na nyumba zote arobaini zilimwagilia kwa zamu. Zamu hizo zilipangwa na msimamizi aliyechaguliwa kila baada ya miaka mitatu. Siku ya kuchagua, kila nyumba ilileta jiwe moja na kulitia katika chungu cha mtu inayemtaka.

Mwaka mmoja siku hiyo ilikuja wakati wa kuvuna maharage. Nakijwa, mjane wa Chini, alipoitwa na jirani yake alijibu bila kuinua kichwa, "Nendeni tu. Jiwe langu moja litaongeza nini?" Wengi walisema hivyohivyo. Zilifika nyumba tisa, sita za ukoo wa Senkoro, na Senkoro akawa msimamizi.

Senkoro hakuiba wala hakudanganya. Aliupinda mfereji kushoto, maji yakaenda Kiluwe kwenye mashamba ya ukoo wake, na huko yakaishia. Nakijwa akamfuata.

"Mzee Senkoro, zamu yetu imekwenda wapi?"

"Mama, siku ya kuchagua ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa navuna."

"Walioacha kuvuna wakaja, hao ndio ninaowapangia."

Nakijwa akarudi shambani kwake. Maharage yake ya msimu uliofuata yalikauka yakiwa bado maua. Kwa miaka mitatu alipalilia mashamba ya Kiluwe ili wajukuu wake wale, na kila jioni alirudi nyumbani akipita kando ya maji asiyoruhusiwa kuyagusa.

Uchaguzi ulipokaribia tena, alizunguka nyumba moja baada ya nyingine. Hakumwambia mtu amchague nani. Alisema tu, "Njoo na jiwe lako."

Siku yenyewe zilifika nyumba thelathini na tisa. Wahesabuji walipoinama kwenye vyungu, kimoja cha Senkoro na kingine cha Mbazi, Nakijwa akawazuia. "Msihesabu kwanza. Mzee Kiangi hajafika."

"Kiangi hatembei," mmoja alisema.

"Basi atabebwa."

Wakangoja, Senkoro naye akakaa chini akangoja. Nakijwa na mkwewe wakamleta mzee juu ya kiti, jasho likiwatoka. Kiangi alivitazama vyungu vyote viwili, kisha akatia jiwe lake katika chungu cha Senkoro.

"Ni shemeji yangu," alisema.

Watu wakamgeukia Nakijwa. Alikuwa akijifuta shingo kwa upande wa kanga. "Jiwe ni lake," alisema. "Sasa hesabuni."

Mbazi wa Chini alipata mawe ishirini na mbili, Senkoro kumi na nane. Mbazi hakuyakata maji ya Kiluwe, kwa kuwa huko nako kulikuwa na watoto. Alichimba kuanzia pale mfereji ulipoishia, akaurudisha kulia hadi Chini, na hivyo ndivyo ulivyopata kiwiko mnachokiona.

Na tangu siku hiyo, watu wa Mlembea hawahesabu mpaka kila nyumba imeitwa. Siku hizi tunamchagua mwenyekiti wa kitongoji kwa karatasi na sanduku, lakini kabla kituo hakijafungwa bado tunapita tukibisha hodi. Asiyeweza kutembea hubebwa, na wanaombeba hawamuulizi njiani kura yake atampa nani.